Wapanda farasi watatu na saa moja ya mapigo: shajara ya mradi

Jumamosi, 1 Februari

Nimenunua daftari la kurasa mia mbili na saa ya mitumba ya kupima mapigo ya moyo, ile yenye mkanda wa kifuani. Muuzaji aliniuliza kama ninakimbia marathoni. Nilipomwambia nafundisha watu kupanda farasi, alinitazama kidogo, akanipunguzia mia mbili.

Mradi wenyewe ni huu. Hapa zizini, upande wa Karen, Nairobi, nimefundisha miaka kumi na minane, na kabla ya hapo nilikuwa saisi, mtunza farasi. Muda wote huo nimerekebisha visigino, magoti, mikono na migongo. Nikipitia madaftari ya zamani naona kwamba wengi walioshindwa kwenye mashindano walikuwa wanajua kupanda vizuri tu. Walipofika langoni pa uwanja, kitu kikawafunga. Kwa hiyo hadi mashindano ya uwanja wa Jamhuri mwezi wa nne nitashughulika na hicho kitu, na kila Jumamosi nitaandika kilichotokea, hata kama ni cha aibu.

Wapanda farasi ni watatu, na majina yao siandiki.

Binti, miaka 15, anampanda Karafuu, jike mwekundu mwenye akili nyingi kuliko anazohitaji. Mashindano ya Novemba Karafuu aligoma mbele ya kiunzi cha ubao, akagoma tena, kengele ikalia, wakatolewa.

Daktari, miaka 44, alianza kupanda akiwa na 40. Mwezi wa kumi alianguka akavunjika mtulinga. Mfupa umeunga. Yeye mwenyewe bado.

Saisi wetu, miaka 23. Tukiwa peke yetu anapanda kama maji yanavyoteremka. Akitazamwa, anapanda kama askari wa gwaride.

Mimi siku hizi siruki viunzi kwa sababu ya goti.

Jumamosi, 8 Februari

Leo ni vipimo tu. Farasi mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Unaweka vidole viwili chini ya taya, kwenye mshipa unaopita juu ya mfupa, unahesabu. Karafuu 36. Mzee, farasi wetu aliyehasiwa wa miaka ishirini ambaye Daktari humpanda, 32, huku akijaribu kula mkono wa shati langu.

Watu je? Binti akiwa ameketi kwenye gogo: 74. Akiwa juu ya Karafuu, wamesimama tu: 98. Nikamwambia, "Geuka, mtazame ubao ule." Hakusogea hata hatua. 121.

Daktari: 70 chini, 115 alipoweka mguu kwenye kikuku kabla hajapanda. Akaitazama saa, akasema, "Kama mgonjwa wangu angekuja na hii ningemlaza."

Saisi: 58, kisha 62. Hata sikuelewa niandike nini.

Jambo la pembeni. Daktari aliuliza Kiswahili cha troti ni kipi. Nikamwonyesha kwenye kamusi: farasi huenda telki, huenda matiti, hupiga shoti. Alicheka mpaka Mzee akageuza masikio. Tumekubaliana tuendelee na troti, na kanta kwa mwendo wa kasi zaidi ya huo, maana hilo la katikati siwezi kulipaza uwanjani mbele ya wazazi.

Jumamosi, 15 Februari

Pumzi. Nilidhani nitalimaliza hili kwa nusu saa.

Mtu mwenye hofu hushika pumzi bila kujua. Akiishika, tumbo linakaza, magoti yanabana tandiko, kifua kinainama mbele, hatamu zinafupika. Kwa farasi hayo yote ni maneno. Magoti yanamwambia aende, hatamu zinamwambia asiende, na mgongo ulioganda juu yake unamwambia kuna simba mahali. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na anaona karibu pande zote, isipokuwa kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine kuanzia mgongoni hadi nyuma ya mkia. Anayekaa pale pale asipopaona kisha akaganda, hawezi kumpa habari njema.

Nilianza na zoezi la kawaida: vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita. Chini walifanya vizuri. Kwenye kanta hesabu iliwapotea wote. Binti alisema, "Mwalimu, nikihesabu nasahau kuongoza, nikiongoza nasahau kupumua."

Kilichofanya kazi ni kuimba. Anayeimba hawezi kushika pumzi, basi. Daktari alichagua wimbo wa kanisani kwao, beti tatu, akazunguka uwanja mara nne kwa kanta, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi wa kumi. Mzee alishusha shingo akapiga chafya zile ndefu za farasi aliyeridhika. Majirani nadhani walifikiri tuna mkesha wa mchana.

Jumamosi, 22 Februari

Saisi alinirekodi kwa simu wiki nzima bila mimi kukumbuka. Jana usiku nilikaa nikasikiliza somo moja la nusu saa na kuhesabu kila neno lililoanza na "usi". Usiangalie chini. Usivute. Usimwache akimbie. Usiogope. Jumla: 41.

Mtu ukimwambia "usiangalie chini", lazima kwanza alifikirie hilo chini. Kwenye video inaonekana wazi: natamka, na kidevu cha Binti kinashuka. Sauti yangu ndiyo iliyomwonyesha pa kutazama.

Leo tumeweka sheria: kila "usi" yangu ni shilingi kumi kwenye kopo. Badala yake nitaje kitu cha kufanya. Nyuma ya kiunzi cha ubao, ng'ambo ya ua, kuna mjakaranda mkubwa. Badala ya "usiangalie ubao" nasema "mjakaranda". Neno moja. Macho yakienda kwenye mti, kidevu kinapanda, mabega yanafuata, na uzito unakaa katikati pasipo mtu kuutafuta.

Kopo lina shilingi 130. Saisi anafurahia mradi huu sana.

Jumamosi, 1 Machi

Daktari hakupanda. Nataka kuandika hili vizuri, kwa sababu nusura nilikosee.

Alifika, akavaa, akasimama kando ya Mzee dakika kumi, akasema, "Mwalimu, leo mwili umekataa." Nilikuwa tayari na hotuba. Nilikuwa nimemwandalia habari za Nick Skelton, Mwingereza aliyevunjika shingo mwaka 2000, akaambiwa basi, akarudi, na mwaka 2016 kwenye Olimpiki ya Rio akachukua dhahabu ya kuruka viunzi akiwa na miaka 58. Nikamsimulia. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Huyo sawa. Mimi Jumatatu nina wagonjwa thelathini."

Ndipo nikauliza swali ambalo lingetangulia: mwili umekataa nini hasa? Akafikiri. Akasema kofia inacheza. Nikaichukua. Ni kofia ile ile aliyoangukia mwezi wa kumi. Nikaondoa kitambaa cha ndani: ufa wa urefu wa kidole, kuanzia sikioni kwenda kisogoni.

Kofia iliyopigwa chini mara moja imekwisha kazi yake, inatupwa hata kama kwa nje inang'aa. Nimewaambia wanafunzi hilo mara mia. Yake sikuikagua. Wiki nne nimekuwa nikimfundisha kutuliza hofu iliyokuwa ikisema kweli.

Nimeongeza ukurasa mwanzoni mwa daftari: kabla ya pumzi, kagua kofia, mkanda wa tumbo, vikuku, mgongo wa farasi. Hofu ikibaki baada ya hapo, ndipo tuongee nayo.

Jumamosi, 8 Machi

Kupanda kwa mawazo. Wengi wanaambiwa "funga macho ujione unashinda", na wengi wanaishia kusinzia. Holmes na Collins mwaka 2001 walitaja mambo saba ya kufanya picha ya kichwani ifanane na kazi yenyewe. Matatu kati ya hayo nimeyachukua kama yalivyo: mwili uwe katika mkao wake, mahali pawe pale pale, na muda uwe ule ule wa kweli.

Tukalaza pipa tupu kando ya uwanja, tukafunga tandiko la Karafuu juu yake, hatamu tukazifunga kwenye ua. Binti akapanda pipa na kofia kichwani. Viunzi vinane, ubao ukiwa wa tano. Kwa kweli, juu ya Karafuu, njia hiyo inamchukua sekunde 64. Nikamwambia afumbe macho, aipande yote, aseme "naingia" na "nimetoka". Nikabonyeza saa.

Sekunde 39.

"Umepitaje cha tano?"

Akanyamaza. "Sikukipita, Mwalimu. Nilikuwa cha nne, halafu nikajikuta cha sita."

Nilishusha saa. Kichwani mwake, njia ile ina shimo. Kila siku anafika ukingoni mwa shimo hilo na farasi wa kilo mia tano anayemuuliza, sasa je?

Tukarudi cha nne. Nikamwambia aniambie kwa sauti: unaona nini, mkono uko wapi, Karafuu anafanya nini na masikio. Alifika hatua mbili mbele ya ubao akafungua macho. Tena. Tena. Mara ya tano aliruka, kwa pipa, na mwili wake uliinama mbele kidogo pale pale unapopaswa kuinama. Alishuka anatokwa jasho. Kazi ya nyumbani: mara tatu kila jioni, ukingoni mwa kitanda, saa mkononi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Uwanja ni bwawa. Saisi anafunga Ramadhani, kwa hiyo nimeacha kulinganisha mapigo yake na ya Februari na nimehamishia zamu yake asubuhi mapema. Binti alituma ujumbe wa sekunde zake za kitandani: 47, 52, 55.

Jumamosi, 22 Machi

Hili nimelizunguka siku tatu kabla ya kuliandika.

Jumatano jioni tulikuwa tunakunja vifaa. Saisi akasema, "Mwalimu, samahani, naomba kukuuliza kitu."

"Uliza."

"Binti akigeukia ubao, mbona wewe unashika pumzi?"

Nikamwambia hapana. Akatoa simu. Kwenye video niko kwenye nguzo ya mashariki, hatua tatu kutoka kiunzini, mahali ninaposimama siku zote. Binti anageuka. Mabega yangu yanapanda hadi masikioni na yanabaki huko. Mkono wa kulia unashika ua. Karafuu, ambaye yuko mita ishirini, anatupa sikio moja upande wangu. Anagoma.

Usiku nilirudi kwenye daftari. Kwa bahati tangu mwanzo nilikuwa naandika niliposimama, kwa sababu ya pembe za kamera. Tangu 8 Februari Karafuu ameletwa kwenye ubao mara 46. Amegoma mara 14. Nilikuwa kwenye nguzo ya mashariki mara 19, na kati ya hizo amegoma mara 11. Mara 27 zilizobaki nilikuwa mbali au sikuwepo, na amegoma mara 3.

Leo nilijifunga mkanda mwenyewe. Nikiwa nimesimama natazama mawingu: 68. Binti alipogeukia ubao: 118. Nami sikuwa nimepanda chochote.

Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambalo nililisoma zamani nikalipenda, nikadhani linawahusu wanafunzi. Watu waliongoza au kupanda farasi kutoka hapa hadi pale mara kadhaa, na kabla ya mara ya mwisho wakaambiwa kuna mwavuli utafunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya watu yalipanda kwa kuungojea. Ya farasi nayo yalipanda, na farasi hawakuwa wameambiwa lolote.

Nilianguka kwenye ubao. Si huu, mwingine, miaka sita iliyopita. Nyonga. Goti ni kitu ninachowaambia watu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimewaambia wote watatu. Binti aliuliza tu, "Kwa hiyo wikendi ijayo utasimama wapi?" Watoto wana namna yao ya kwenda moja kwa moja.

Daktari alikumbuka Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Sisi wa zizini tuliitazama video ile mara nyingi kuliko ilivyo vizuri. Pentathloni ya kisasa, mchezo wa fani tano: wakati huo mwanamichezo alipewa farasi asiyemjua na dakika ishirini za kuzoeana naye. Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza. Farasi wake, Saint Boy, alikuwa amekwisha kugoma na mpandaji aliyetangulia. Schleu aliingia machozi yakimtoka, farasi akakataa kwenda, na kando ya ua kocha anapaza sauti ampige. Kocha akampiga farasi ngumi, akaondolewa kwenye mashindano. Schleu alimaliza wa 31. Baada ya Paris 2024 mchezo huo umeacha kabisa kutumia farasi.

Zamani nikiitazama nilimwangalia mpandaji. Jana usiku nilimwangalia aliyesimama uani.

Mpango: nguzo ya mashariki ni marufuku kwangu. Nafundishia katikati ya uwanja, au nampa Saisi filimbi naenda kuchemsha chai. Binti amemleta Karafuu kwenye ubao mara 9 wiki hii. Kugoma: 1. Sekunde za pipani: 63.

Kopo: 610. Wiki hii 20 tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Saisi. Nimemwacha nyuma katika mradi huu kwa sababu namba zake zilikuwa nzuri, na hilo ni kosa langu la tatu au la nne.

Nilikuwa nimempangia mazoezi ya kuzoea kutazamwa: tuite watu, wakae uani, wapige makofi. Kabla hatujaanza nikamwomba anisimulie siku ya mashindano ya Novemba tangu alipoamka. Saa tisa usiku. Kulisha farasi sita. Kuosha wawili weupe waliolalia mavi. Kusuka singa za wanne. Kupakia lori. Kushusha. Kutandika farasi wa wenyewe, kushika, kutembeza, kufuta povu. Saa saba mchana mtu akamwambia, haya, zamu yako, panda. Hakuwa amekunywa chai.

"Na watu wanaokutazama?"

"Watu gani, Mwalimu? Nilikuwa nalala na macho wazi."

Ule ugumu wa askari wa gwaride ulikuwa uchovu. Nimetafuta vijana wawili wa siku moja wafanye kazi yake wikendi ijayo, na mshahara wake hautaguswa. Mwenye farasi mmoja alilalamika kwamba hakuna anayesuka kama Saisi. Nikamjibu singa zitasokotwa ovyo mara moja tu, farasi hatakufa.

Bado lipo la watazamaji, naona kidogo, anapopita karibu na wenye farasi anaowahudumia. Hilo halimalizwi na pumzi nne na sita.

Jumamosi, 12 Aprili

Jamhuri. Mvua ilikatika alfajiri, chini pazito.

Tulitembea njia kwa miguu na Binti. Kiunzi cha nne hadi ubao wa tano: hatua zangu ishirini. Mbili za kutua, mbili za kujiandaa kuruka, zinabaki kumi na sita, na kanta moja ya farasi ni kama hatua nne, mita 3.6. Kanta nne basi. Nyuma ya ubao alitafuta mjakaranda wake. Haukuwepo. Akachagua paa la bluu la kibanda.

Daktari alipanda darasa la chini, la kwenda hatua na troti tu bila kuruka, kofia mpya. Aliimba. Msimamizi wa uwanja aliniuliza kama yule mama yuko salama.

Saisi alilala usiku kucha, muda wa saa nane, na akala mandazi manne. Mti mmoja wa kiunzi ulianguka, pointi 4 za adhabu, lakini mikono ilikuwa ile ya nyumbani. Alipotoka alimpigapiga farasi shingoni, akapita mbele ya wenye farasi akiwa bado juu, hakuharakisha kushuka.

Binti alipoitwa nilienda nyuma ya kibanda cha chai, mgongo nimeuelekeza uwanjani. Nilisikiliza. Cha kwanza, cha pili. Farasi akiruka kuna ukimya mfupi, halafu kwato. Cha nne. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Ukimya. Ulikuwa mrefu kidogo. Kisha kwato, na kengele haikulia, na mama wa chai akaniuliza kama niongezewe sukari.

Cha nane, cha mwisho, kilianguka. Alitoka anacheka na kulia. "Mwalimu, nilifurahi sana kwa cha tano nikasahau kuna vingine!" Wazee walishasema, mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Pointi 4. Pipani alikuwa hafanyi mazoezi ya kinachofuata baada ya ubao, na mimi sikuwa nimempangia. Tumeandika.

Jumamosi, 19 Aprili

Uwanja umekauka. Daktari alikuwa zamu hospitalini, akatuma neno kwamba Mzee anapatikana.

Saisi alikagua mkanda wa tumbo mara mbili, akakagua kofia yangu kwa ndani. Binti alikaa katikati ya uwanja na saa, mbali na nguzo. Mti mmoja tumeulaza chini kabisa, kwenye mchanga, mahali ubao hukaa.

"Mwalimu, sema utafanya nini."

Nikasema, "Nisi..."

"Shilingi kumi."

"Natazama mjakaranda."

Troti. Mzee aliuvuka mti ule bila hata kuinua kichwa. Tukarudi, tukauvuka tena upande wa pili.

Mapigo kabla: 126. Baada: 103. Yake Mzee: 48, na alikuwa ametoka kwenye troti.

Jumamosi ijayo: sentimita 30. Goti haliumi.